Unaishi Mombasa kwa pensheni ya ng'ambo? Kibali chako kisikukute umelala

Ukitembea Mji wa Kale asubuhi, kutoka Fort Jesus ukapita Ndia Kuu mpaka upande wa Kibokoni, utawaona wako vibarazani na kikombe cha kahawa chungu. Baadhi yao ni wageni waliokuja likizo miaka mingi iliyopita, wakashindwa kurudi kwenye baridi. Wengine ni watoto wa papa hapa, wazaliwa wa Kuze au Makadara, waliokwenda kutafuta maisha Uingereza au Canada na sasa wamerudi na pasipoti ya kigeni mfukoni.

Kitu kimoja kinawaunganisha: pensheni inaingia kutoka ng'ambo, matumizi yanatoka kwa simu. Tuktuk, samaki, tokeni za stima, mshahara wa dada wa nyumbani, zote ni simu. Na kuna tarehe moja kwenye pasipoti ambayo wengi huikumbuka ikiwa imebaki wiki mbili: siku kibali cha kukaa Kenya kinapoisha.

Kama wewe ni mmoja wao, au una baba mkwe, shangazi au jirani wa namna hiyo, makala haya ni yako. Ujumbe wetu ni mmoja tu: kuhuisha kibali ni kazi ya ushahidi wa pesa, na ushahidi huo hautengenezwi kwa wiki mbili.

Kwanza, kibali chenyewe ni kipi?

Kenya haina kitu kinachoitwa rasmi "viza ya kustaafu". Wastaafu wengi hukaa kwa kibali cha Klasi K, ambacho kimo katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Masharti yake makubwa ni haya:

- Uwe umetimiza miaka 35 au zaidi.
- Uwe na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, kama vile pensheni, au pato la mali na uwekezaji.
- Uahidi kwamba hutafanya kazi ya kulipwa hapa nchini.

Dola 24,000 kwa mwaka ni dola 2,000 kwa mwezi. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni kama shilingi 258,000 kila mwezi. Weka hesabu hiyo akilini, tutairudia.

Pamoja na kibali kuna kitambulisho cha mgeni. Mgeni yeyote anayekaa Kenya zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kujiandikisha. Kwa hivyo ukihuisha kibali, kumbuka na kadi pia. Ziko kama mahamri na mbaazi, zinakwenda pamoja.

Pensheni yako inatosha? Usikisie, piga hesabu

Hapa ndipo watu hushtuka. Tuchukue mstaafu anayetegemea pensheni ya serikali ya Uingereza peke yake. Pensheni mpya kamili kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, yaani chini ya pauni 12,000 kwa mwaka. Ukiigeuza kuwa dola, haifiki 24,000. Lazima kuwe na pensheni nyingine ya kazini, kodi ya nyumba au pato la uwekezaji wa kujazia.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu wa Uingereza wanalijua kwa uchungu: anayeishi Kenya hapati nyongeza ya kila mwaka ya pensheni hiyo. Kiasi hubaki palepale kilipokuwa alipohamia, au alipoanza kuipokea akiwa tayari huku. Bei za Marikiti hazibaki palepale. Na pauni ikiteremka dhidi ya dola, mtu aliyetimiza kiwango mwaka wa kwanza anaweza kujikuta chini ya kiwango siku ya kuhuisha, bila kupoteza hata senti ya pensheni yake.

Kwa hivyo kila Januari, chukua karatasi. Andika kila pato, ligeuze kwa dola, jumlisha. Kama umevuka 24,000 kwa kidogo sana, tafuta mapema pato la kuongeza, na hati zake uziweke tayari.

Stetimenti ndiyo inayokusemea

Ofisa hakujui. Hajui kwamba unalipa kodi ya nyumba kwa wakati wala kwamba mtaa mzima unakuheshimu. Anachokiona ni barua ya pensheni na stetimenti. Mambo matatu yatakusaidia:

1. Acha pensheni ipite njia moja. Pokea pensheni yote kwenye akaunti moja ya benki yenye jina lile lile lililo kwenye pasipoti, halafu hamisha kwenye simu kidogo kidogo ya kutumia. Kumbuka ile hesabu ya shilingi 258,000. Muamala mmoja wa pesa kwa simu Kenya hauruhusiwi kupita shilingi 250,000, na salio la simu halipiti shilingi 500,000. Kwa hivyo anayepokea kila kitu kwa simu atalazimika kukatakata pensheni vipande vipande, na stetimenti yake itakuwa ngumu kusomeka.

2. Usigeuze laini yako kuwa duka la mtu. Mpwa ana biashara ya viazi karai, anaomba wateja walipe kwa namba yako. Ni ukarimu, sawa. Lakini wewe umeahidi kutofanya kazi ya kulipwa, na stetimenti yako inaonyesha malipo arobaini kwa siku kutoka kwa watu usiowajua. Utaelezaje? Mpwa afungue namba yake ya biashara. Ni rahisi na ni yake.

3. Pakua stetimenti kila miezi mitatu. Omba ya simu kwenye programu yetu, omba ya benki, ziweke kwenye faili moja. Ya benki inaonyesha pato linaingia, ya simu inaonyesha unaishi kwa pesa yako. Ukingoja mpaka mwisho utaanza kutafuta nywila uliyoisahau tangu mwaka juzi.

Kulipa: njia ni moja

Maombi hufanywa mtandaoni, kupitia mfumo wa huduma za wageni wa Idara ya Uhamiaji, na malipo hupitia eCitizen. Tangu mwaka 2023 huduma za serikali hulipiwa kwa namba moja ya Paybill, 222222. Namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara yako, si jina lako wala namba ya pasipoti.

Malipo huja kwa awamu. Kuna ada ya kushughulikia maombi, ambayo hairudishwi hata ukikataliwa. Ukikubaliwa, ndipo unalipa ada ya kibali chenyewe. Kiasi utakisoma kwenye ankara yako mwenyewe. Viwango hubadilika, kwa hivyo usitegemee alicholipa rafiki yako mwaka uliopita. Ankara ikizidi shilingi 250,000, simu haitaipitisha kwa mara moja. Tumia benki au kadi kupitia eCitizen hiyo hiyo.

Na hapa ndipo matapeli hukaa. Ujumbe wao huwa wa namna hii:

*"Shikamoo mzee. Faili yako ya kibali imekwama Nairobi. Tuma 18,000 kwa namba hii leo nikuharakishie, la sivyo utafukuzwa nchini."*

Salamu nzuri, heshima tele, na haraka ya kukutoa jasho. Jiulize mambo matatu: Je, ni namba ya mtu binafsi? Je, hakuna ankara kwenye akaunti yako ya eCitizen? Je, anakutisha kwa leo leo? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, usitume. Ingia eCitizen mwenyewe uone hali ya maombi yako, au nenda ofisi ya Uhamiaji ya Mombasa, jengo la Uhuru na Kazi, uulize ana kwa ana.

Na kijana wa nyumbani akikwambia, "Mjomba, nipe simu nikulipie," mkubalie akuonyeshe. PIN ubonyeze wewe. Kabla ya kubonyeza, soma jina linalotokea kwenye skrini. Baada ya malipo, hifadhi ule ujumbe wa uthibitisho. Usiufute kwa sababu simu imejaa picha za arusi.

Pasipoti mpya, laini ya zamani

Hili husahaulika sana. Ulisajili laini kwa pasipoti ya zamani. Pasipoti imeisha, umepata mpya yenye namba nyingine. Simu inaendelea kufanya kazi, kwa hivyo huoni tatizo. Tatizo linakuja siku simu inapoibiwa hapo Mwembe Tayari, ukaenda dukani kurudisha laini, na hati uliyo nayo mkononi hailingani na ile iliyosajiliwa. Pesa ni zako, lakini utazifikia kwa taabu, tena pengine katika wiki ile ile ya kulipia kibali.

Dawa ni rahisi: ukipata pasipoti mpya au kitambulisho kipya cha mgeni, nenda nacho dukani wabadilishe usajili. Na ile pasipoti ya zamani usiitupe.

Huenda huhitaji kibali kabisa

Haya sasa, kwa wazaliwa wa hapa. Zamani, Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine aliupoteza wa Kenya. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha hilo. Kifungu cha 14 kinasema aliyekuwa raia kwa kuzaliwa, akaupoteza kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine, ana haki ya kuurudisha akiomba. Pasipoti ya pili haikuzuii tena, mradi uutangaze uraia huo mwingine.

Kwa hivyo mama uliyezaliwa Kuze ukaolewa Leicester, uliza kuhusu kurudisha uraia kabla hujalipia kibali kingine.

Na kwa wageni kabisa: aliyeoana na Mkenya kwa miaka 3 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na ndoa ikifika miaka 7, kuomba uraia. Hata asiye na ndoa anaweza kuomba uraia akikaa kihalali miaka 7 mfululizo, akitimiza masharti mengine. Neno la kushika ni *mfululizo*. Pengo la miezi miwili kati ya kibali na kibali linaweza kukuvurugia hesabu ya miaka. Tena kukaa bila kibali ni kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Kalenda yako ya kuhuisha

- Miezi 6 kabla: angalia pasipoti. Kama inakaribia kuisha, anza nayo.
- Miezi 4 kabla: piga hesabu ya dola, omba barua mpya ya pensheni, pakua stetimenti.
- Miezi 3 kabla: tuma maombi mtandaoni, lipa ada ya kwanza, hifadhi uthibitisho.
- Kila wiki baada ya hapo: ingia mwenyewe uone hali ya maombi.
- Ukikubaliwa: lipa ada ya kibali, peleka pasipoti igongwe, huisha kitambulisho cha mgeni, kisha sasisha usajili wa laini.

Fungua simu yako sasa hivi, weka ukumbusho wa miezi sita kabla ya ile tarehe. Kama unasoma haya kwa niaba ya mzee, mpelekee leo leo na umsomee.

Na kama kawaida: PIN yako ni siri yako. Hata sisi hatutakuuliza.