Pete Huvishwa Mara Moja

Siku ya harusi katika komini ya Kasuku, mjini Kindu, humtaka mpiga picha awe kila mahali. Asubuhi yuko mbele ya afisa wa serikali anayeandikisha ndoa, kisha kanisani au msikitini. Alasiri maharusi wanataka picha kando ya mto Lualaba, na usiku kuna ukumbi wenye taa hafifu na spika zinazotikisa kuta. Papa na mama wa bibi harusi wanataka picha za kutundika sebuleni. Ndugu walioko Kinshasa, Lubumbashi na Ulaya wanataka video. Bei inayotajwa ni moja, na mara nyingi anayeifanya kazi yote ni mtu mmoja mwenye kamera moja.

Kamera hiyo ya kazi mbili haina umri mkubwa. Mwaka 2008 Nikon walitoa D90, kamera ya kwanza ya aina ya DSLR kurekodi video, na mwaka huohuo Canon wakatoa 5D Mark II yenye video ya 1080. Tangu hapo karibu kila kamera mpya inauzwa kwa ahadi kwamba itafanya yote. Ahadi yenyewe si ya uongo. Kinachosahauliwa ni kwamba kamera inaweza yote mawili, lakini si kwa wakati mmoja.

Chukua kasi ya shata. Video ya fremu 25 kwa sekunde huonekana laini shata ikiwa 1/50 ya sekunde, kwa kuwa ule ukungu mdogo wa mwendo ndio unaoziunganisha fremu machoni petu. Ukimpiga picha mtu anayecheza kwa 1/50 hiyohiyo, mikono yake inafutika. Picha ya mchezaji inataka 1/250 au zaidi. Kwa hiyo anayesema, "Nitarekodi tu, picha nitazitoa ndani ya video," anaahidi asichoweza kukitoa. Si suala la ukubwa: fremu ya 4K ina pikseli milioni 8.3, na inachapika vizuri kwenye karatasi ya sentimita 32 kwa 18. Fremu ya 1080 ina milioni 2 tu. Lakini pikseli nyingi haziurudishi uso uliofutika.

Jua nalo lina madai yake. Kindu iko digrii tatu hivi kusini mwa ikweta. Saa sita mchana, kwa ISO 100, shata ya 1/50 itakulazimisha kufunga lenzi mpaka f/22, na hapo kila jani la nyuma linaonekana wazi kama bibi harusi mwenyewe. Mrekodi video hufunga kioo cheusi mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga. Mpiga picha hana haja nacho: anafungua f/2.8, anapandisha shata mpaka 1/3200, kazi imekwisha. Anayefanya zote mbili anafunga kioo, anakifungua, anageuza shata, anairudisha, na pete inavishwa mara moja tu. Wanaojua huhifadhi mipangilio miwili kwenye gurudumu la kamera mapema, na hiyo huokoa sekunde kadhaa. Haiwaongezei mikono.

Mwaka 2020 ulionyesha wazi kwamba hata viwanda vinachagua. Sony A7S III ilitoka na pikseli milioni 12 tu, ili ione vizuri gizani na irekodi bila kuchoka. Canon R5 ilitoka na milioni 45 na video ya 8K, lakini Canon wenyewe walitangaza kwamba 8K hiyo ingedumu kama dakika 20 kwenye joto la nyuzi 23 kabla kamera haijachemka. Nyuzi 23! Mchana wa Kindu hupita hapo karibu mwaka mzima. Na anayenunua mtumba achunguze jambo jingine: kamera nyingi za zamani huacha kurekodi zenyewe kwenye dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Ulaya ilitoza ushuru wa kamera ya video kwa chochote kinachorekodi dakika 30 au zaidi. Mahubiri ya harusi hayafuati forodha ya Ulaya.

Halafu kuna hifadhi na umeme, na hapa ndipo video inapokula pesa. Rekodi ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Hotuba za saa tatu ni gigabaiti 135. Picha 1,000 za kawaida, za megabaiti 10 kila moja, ni gigabaiti 10. Hizo za video lazima zihifadhiwe mara mbili, zikatwe kwenye kompyuta, na kompyuta inategemea jenereta au sola. Mwishowe video inapitia WhatsApp, inayoibana mpaka tofauti ya 4K na 1080 inapotea. Kwa kazi nyingi za hapa 1080 inatosha, na ningependa wateja waambiwe hivyo bila aibu.

Msimamo wangu ni kwamba picha ipewe haki ya kwanza, kwa sababu picha iliyochapwa haihitaji betri ili mjukuu amwone bibi yake. Lakini kuna saa ambayo picha ni bubu. Mzee anaposimama wakati wa mahari na kuwabariki watoto kwa Kilega au Kikusu, sauti yake ndiyo urithi. Hapo shata iwekwe 1/50, kamera itue juu ya tripodi, na maikrofoni iwe karibu na kinywa chake. Ile iliyomo ndani ya kamera itanasa jenereta kuliko baraka. Kinachosemwa kirekodiwe. Kinachotokea kimya na haraka, kama pete au chozi la mama, kipigwe picha. Mgawanyo huo uandikwe kwenye karatasi pamoja na familia kabla ya malipo ya kwanza, ili usiku asije mtu kudai video ya pete.

Kwa mwenye pesa ya kamera moja mpya, ushauri wangu ni anunue mbili zilizotumika. Moja isimame kwenye tripodi ikirekodi 1080, nyingine ibaki mkononi kwa picha, na betri za zote mbili ziwe za aina moja ili zisaidiane. Salio liende kwenye maikrofoni na kadi. Kamera ya pili inahitaji kijana wa kuisimamia, wa kutazama betri na kubonyeza upya pale inapojizima. Malipo ya kijana huyo yahesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo, naye alipwe usiku uleule, kabla tripodi haijakunjwa.