Kuijenga reli ya Stockholm mezani

Kutoka Stockholms Central, kituo kikuu cha reli cha Sweden, hadi stesheni ya Stockholms södra ni kama kilomita 2. Ukipunguza umbali huo kwa skeli ya 1:87, ambayo wajenzi wa reli za modeli huiita H0, utahitaji meza ya urefu wa mita 23. Hakuna sebule ya kawaida yenye nafasi hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuiga reli ya kweli huanza kazi kwa kukata, na ustadi wake wote uko katika kujua kisichokatwa. Kwa maoni yangu majumba yanaweza kupungua, majukwaa yanaweza kufupishwa, hata daraja linaweza kupoteza nguzo mbili tatu. Ile sababu inayozifanya treni za mahali hapo ziende zinavyokwenda ndiyo isiguswe.

Stockholm ina sababu ya wazi kabisa. Tangu 1871, reli ilipokatiza katikati ya mji, treni za kusini zilipita kwenye njia mbili tu zilizobanwa kati ya maji na mji mkongwe. Huvuka daraja, hupita kando ya kisiwa cha Riddarholmen na kanisa lake lenye mnara wa chuma uliotobolewa kama lesi, huvuka maji tena, kisha huingia kwenye handaki chini ya mtaa wa Södermalm. Wenyeji hupaita getingmidjan, yaani kiuno cha nyigu. Kwa miaka 146 treni za mbali, za mizigo na za wafanyakazi wa kila siku zilisubiriana hapo, mpaka Julai 2017 lilipofunguliwa handaki la Citybanan, lenye urefu wa kilomita 6, na kuzichukua treni za wafanyakazi.

Kwa mjenzi wa modeli, msongamano huo ni mali. Kituo chenye njia nyingi kinachomimina treni zake kwenye njia mbili kinampa mwendeshaji kazi ya kweli: nani atangulie, nani angoje, aliyechelewa aingizwe wapi. Handaki la Södermalm nalo linatatua shida kubwa kuliko zote, yaani kona. Reli za modeli za kuanzia huuzwa na kona ya nusu kipenyo cha sentimita 36. Zidisha kwa 87 upate mita 31, ilhali reli kuu ya kweli huhitaji mita mia kadhaa. Treni ndefu kwenye kona kama hiyo huonekana kichekesho, mabehewa yakichomoza pembeni. Weka kona kali ndani ya handaki, mahali ambapo hata Stockholm yenyewe treni hupotea machoni, na nyuma yake ujenge uwanja uliofichwa wa kuegesha treni. Uwanja huo ndio miji yako ya mbali, Göteborg na Malmö.

Chagua mwaka mapema na uushikilie. Ukisema 1985, treni ya kasi ya X2000 haipo bado, kwa kuwa ilianza kubeba abiria mwaka 1990, na treni za wafanyakazi lazima zipite darajani. Ukisema 2018, treni hizo ziko chini ya ardhi na daraja limebaki kwa treni nyingine. Jambo moja halibadiliki katika miaka yote hiyo: treni hushika kushoto. Waswidi walihamishia magari upande wa kulia tarehe 3 Septemba 1967, lakini treni zikabaki kushoto, kama magari yetu ya Dar es Salaam na Nairobi. Nimeona modeli zilizopakwa rangi kwa ufundi wa hali ya juu huku treni zikipishana upande usio wake, na kosa hilo moja linaharibu yote.

Lakini mwenye chumba kidogo ningemshauri aache reli kuu na aende Stockholms östra. Hapo ndipo inapoanzia Roslagsbanan, reli nyembamba iliyofunguliwa mwaka 1885, ambayo sehemu yake ilianza kutumia umeme mwaka 1895. Mtandao wake leo ni kama kilomita 65. Treni yake ya mabehewa matatu ina urefu wa mita 60 hivi, sawa na sentimita 69 mezani. X2000 ya mita 165 inataka karibu mita 1.9, na jukwaa la kuitosha. Roslagsbanan ina kituo cha mwisho mjini, kisha njia zinagawanyika Djursholms Ösby kwenda Näsbypark, na tena Roslags Näsby kwenda Österskär na Kårsta. Kituo kimoja na mgawanyiko mmoja vinatosha ratiba ya jioni nzima.

Ugumu uko kwenye upana wa reli. Roslagsbanan ina milimita 891, futi tatu za Kiswidi za zamani. Gawanya kwa 87: milimita 10.2. Reli ya modeli ya milimita 9 ni nyembamba mno, na ya 12 ni ya reli za mita moja, kama ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. (Anayetaka kujenga Voi au Tabora aanzie hapo.) Iliyo karibu zaidi ni ya milimita 10.5, iliyobuniwa kwa ajili ya reli za futi tatu za Marekani. Tofauti ya milimita 0.3 jicho haliioni.

Usisahau mwamba. Stockholm imekaa juu ya mawe magumu ya kijivu, na reli nyingi zimekatwa ndani yake. Ukuta wa jasi uliochongwa kando ya njia, misonobari michache na nguzo za nyaya za umeme vitautambulisha mji kabla hujaweka nyumba hata moja. Kokoto na gundi vije mwisho, baada ya treni yako ndefu kuliko zote kurudi kinyumenyume kupitia kila pointi bila gurudumu kuacha reli.