Nyumba ya kwenye karatasi

Picha tumeiona: vyumba vitatu, barza, lupango ya ukuta. Muuzaji anasema: lipeni nusu leo, kisha miezi kumi mtapata funguo. Mtu aliyetoka kupokea dekonti yake anapenda sana kusikia hivyo. Lakini picha haina fondasio.

Kwa sheria ya 1973, udongo wa Kongo ni wa Serikali. Sisi tunapata haki ya kuutumia tu, na haki ile inashuhudiwa na certificat d'enregistrement. Basi mbele ya kuuliza rangi ya malata, uliza lupango iko kwa jina la nani. Fotokopi haitoshi. Chukua namba, fika mwenyewe kwa conservateur des titres immobiliers, uulize kama jina ni la yule muuzaji, na kama hakuna deni ya banki juu yake.

Tena feza. Kampuni ikianguka katikati ya kazi, aliyelipa yote anabaki na risiti, na kodi ya nyumba anayokaa inaendelea. Tunaona heri kulipa kidogo kidogo: fondasio ikiisha, kuta zikisimama, malata yakipandishwa, na sehemu ya mwisho siku ya funguo. Yaandikwe kwa notaire, bibi yako akiwa pale. Muuzaji akikataa, rudini nyumbani na feza yenu.