MAZOEZI NA MITISHAMBA KWA MHUDUMU WA NDEGE

Leo tutasema juu ya kijana wetu ahudumiaye abiria katika ndege.

Labda mwasema, "Kazi ile ni nyepesi, kugawa chai tu." Sivyo. Husimama saa nyingi. Leo hulala usiku, kesho mchana. Ndege ikiwa juu sana, hewa ya ndani huwa kavu na hafifu, kama ya mlima wenye kimo cha mita 2,400 hivi. Uwanja wa ndege wa Bukoba haufiki nusu ya kimo hicho. Basi mwili huchoka, miguu huvimba, na mawazo hayatulii.

Kwa nini miguu huvimba? Mtu akisimama au kukaa mno, damu hukawia miguuni. Misuli ya nyuma ya mguu ndiyo pampu ya kuipandisha. Atembee, tena ainue na kushusha visigino, pampu itafanya kazi. Mazoezi pia hutuliza mawazo na kuleta usingizi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima atembee kwa haraka walau dakika 150 kwa juma. Mkulima apandaye kilima na mkungu wa ndizi huzipata shambani. Mhudumu wa ndege hana budi kuzitafuta.

Na mitishamba je? Mama humpelekea mwanawe chupa ya omubilizi, au unga wa tangawizi. Ni upendo huo. Tangawizi na manjano katika chakula ni vyema. Lakini dawa iliyokolezwa ni jambo jingine. Vidonge vikali vya manjano vimewadhuru watu wengine ini. Tangawizi nyingi haimfai mtu atumiaye dawa ya kuzuia damu isigande.

Kwa hiyo, mama, chukua kalamu. Andika juu ya chupa jina la mti, siku uliyoitengeneza, na vitu ulivyochanganya. Mwanao amwonyeshe daktari kabla ya kunywa. Chupa isiyo na maandishi haimwambii daktari neno.

Tena, mguu mmoja ukivimba na kuuma, asingoje dawa ya nyumbani. Huenda damu imeganda. Aende hospitali upesi.

Maswali:
1. Pampu ya damu miguuni ni nini?
2. Utaandika nini juu ya chupa?