Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni taasisi ya elimu ya juu ya sheria nchini Tanzania. Ilianza kama Kitivo cha Sheria mwaka 1961, na ndiyo kitivo cha kwanza cha chuo hicho.

Historia

Kabla ya uhuru, Mwafrika wa Tanganyika aliyetaka kuwa mwanasheria ilimbidi kusoma ng'ambo, hasa London. Gharama ziliwazuia karibu wote.

Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilianza na wanafunzi 14, wote wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani.

Wanafunzi kutoka Kenya na Uganda walisoma hapo pia, kwa kuwa vitivo vya sheria vya Makerere na Nairobi vilianza baadaye.

Wahitimu

Miongoni mwao ni Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Issa Shivji, aliyefundisha hapo kwa miaka mingi. Na Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016.

Urithi

Kitivo kiliiwezesha nchi kupata mahakimu, mawakili na wanasheria wa serikali waliosomeshwa nyumbani. Kamati yake ya msaada wa kisheria iliwahudumia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Hata hivyo, kwa wakazi wa pwani ya kusini Dar es Salaam ilibaki mbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari ya Kilwa na Lindi yalivuka mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika barabara ilikuwa ikikatika.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilipunguza umbali huo. Hutoa pia shahada ya sheria, na kina kituo mjini Lindi, hivyo mwalimu au karani anaweza kusoma bila kuacha kazi.

Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Tangu 2008 mhitimu hutakiwa kupata mafunzo ya vitendo katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Kwa mhitimu wa Kilwa, nauli, chakula na malazi ya mjini vinaweza kuwa kikwazo.

Lugha ni suala jingine. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini vyuo vikuu vimeendelea kufundisha sheria kwa Kiingereza.

Tazama pia

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania
Mahakama ya Tanzania
Mkoa wa Lindi