Baiskeli ya kwanza yenye pedeli: usimnunulie mtoto ya kukulia

Mzazi mmoja wa Katoro, mkoani Geita, ametuuliza swali ambalo tumewahi kulisikia kutoka Kahama na hata Shinyanga mjini. Mtoto wake ana miaka minne na nusu. Kwa mwaka mzima amekuwa akitumia kibaiskeli kisicho na pedeli, kile cha kujisukuma kwa miguu, alicholetewa na mjomba wake kutoka Mwanza. Sasa magoti yanagonga usukani. Amekwenda dukani akashauriwa achukue ya inchi 20 ili mtoto aikulie, na afungiwe vigurudumu viwili vya pembeni asianguke. Je, ushauri huo ni sahihi?

Jibu letu ni hapana, kwa yote mawili. Na kwa kuwa sababu zake hazisemwi dukani, tumeona tuzieleze kwa maandishi.

Tuanze na kile ambacho mtoto huyo anakijua tayari. Kazi ngumu katika baiskeli ni kukaa bila kuanguka, wala si kukanyaga pedeli. Mtoto aliyezoea kujisukuma, kisha akainua miguu na kuiacha baiskeli iteleze yenyewe mita tano au kumi, ameshaimaliza kazi hiyo. Historia nayo ilikwenda hivyo hivyo. Mashine aliyoiendesha Karl von Drais kule Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817 ilikuwa na magurudumu mawili na usukani, lakini haikuwa na pedeli, na mwendeshaji alijisukuma kwa miguu. Pedeli zilikuja kushika nchini Ufaransa miaka ya 1860. Majirani zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, mpaka leo wanabeba viazi, mkaa na kuni kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedeli wala mnyororo.

Kwa hiyo vigurudumu vya pembeni vinamrudisha nyuma mtoto huyo. Baiskeli inapokata kona hulala kidogo upande wa kona, na mwili wa mtoto wetu umeshalizoea jambo hilo. Vigurudumu vinaizuia kulala, naye anaanza kuiendesha kama mkokoteni. Kuna hatari nyingine inayohusu ardhi yetu hasa. Kwenye uwanja usio sawa, gurudumu la nyuma likiingia kwenye kishimo, vigurudumu vya pembeni hubaki juu ya kingo mbili na gurudumu la nyuma linaning'inia. Baiskeli nyingi ndogo zina breki ya nyuma ya miguu, ile inayoshika ukikanyaga pedeli kinyumenyume. Gurudumu lisilogusa chini halisimamishi chochote.

Sasa suala la kukulia. Tunaelewa linatoka wapi. Sare ya shule tunanunua ya kukulia, viatu vya sikukuu vya kukulia, na fedha ni ile ile. Lakini shati kubwa halimwangushi mtu. Mmoja wetu alifanya kosa hilo kwa mwanawe huko Kahama. Baiskeli ilikuwa nzuri, imara, na siti ikiwa imeshushwa hadi mwisho mtoto aligusa chini kwa ncha za vidole tu. Siku ya tatu ilishika mteremko mdogo wa kuelekea barabarani. Mtoto akafanya alichokizoea kwenye kibaiskeli chake cha zamani: akateremsha miguu ili aburuze asimame. Miguu haikufika. Mkono wa breki hakuukumbuka, na hata angeukumbuka, vidole vyake visingeufikia. Kilichomwokoa ni ua wa minyaa wa jirani. Alitoka na mikwaruzo na kilio, na sisi tukashukuru kwamba ule utomvu haukumwingia machoni. Mita kama ishirini mbele yake yalikuwa yanapita malori ya kwenda Rwanda na Burundi.

Hapo ndipo lilipo jambo zima. Mtoto anayetoka kwenye kibaiskeli kisicho na pedeli anajua kukaa, ila hajui breki. Breki yake ni nyayo. Mpaka mikono yake ijifunze, lazima nyayo ziendelee kufika chini.

Ukilitazama vizuri, hata sisi tuliojifunzia baiskeli kubwa ya baba tulitumia kanuni hiyo hiyo bila kuijua. Mtu aliyekulia Usukuma anaukumbuka mtindo ule: mtoto wa miaka minane au tisa na Phoenix ya tairi la inchi 28, mguu mmoja umepitishwa katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, kiwiliwili kimepinda upande kama mtu anayechungulia dirishani. Siti hatukuiona kwa miezi. Lakini ikilemea upande, mguu ulikuwa chini papo hapo. Kumpandisha mtoto wa miaka minne juu ya siti asikoweza kushuka ni kumpa hatari ambayo hata sisi hatukupewa.

Basi pima mguu, achana na umri. Mtoto asimame peku, mgongo ukutani, miguu imeachana kidogo. Weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, kipandishe mpaka kigote juu, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Tuseme umepata sentimita 46. Nenda dukani au kwa muuza mitumba na futi kamba, mwambie ashushe siti hadi mwisho, halafu pima kutoka juu ya siti mpaka chini. Unatafuta sentimita 46 au pungufu kidogo, ili nyayo zote mbili zilale chini mtoto akiwa amekaa. Ukikuta 52, iache, hata kama rangi imempendeza.

Usiitegemee sana namba ya inchi. Namba hiyo ni ya gurudumu, na fremu mbili zenye gurudumu la inchi 16 zinaweza kutofautiana sana kimo cha siti. Kwa makadirio tu, mtoto mwenye mguu wa sentimita 40 hivi huangukia kwenye inchi 14, wa 45 hadi 50 kwenye inchi 16, na ile ya inchi 20 humfaa anapokaribia 55. Mtoto wa Katoro, kwa umri wake, huenda akawa wa inchi 16, lakini futi kamba ndiyo itakayosema.

Baada ya mguu, mkono. Mweke mtoto juu ya siti, mwambie ashike usukani na avute breki yeye mwenyewe. Fundi akivuta kwa kiganja chake cha utu uzima hujajua kitu. Vidole vikishindwa kuufikia mkono wa breki, tazama kama una skrubu ndogo karibu na unapojifungia. Mingi inayo, na ukiikaza mkono unasogea karibu na usukani. Waya ukiwa umekauka kwa vumbi, tone la mafuta linasaidia. Kisha isukume baiskeli taratibu mtoto akiwa juu, avute. Ikisimama, vizuri. Isiposimama, ama irekebishwe mbele yako ama ibaki dukani. Baiskeli zenye breki za fito, kama zile za wakubwa, zinataka nguvu ambayo kiganja cha mtoto mdogo hakina.

Ile breki ya miguu tuliyoitaja ina uzuri wake, maana haitaki vidole virefu wala waya. Ubaya wake ni kwamba pedeli haziwezi kurudishwa nyuma ili kuziweka sawa wakati wa kuanza, na mtoto aliyezoea kuchezesha miguu nyuma na mbele hujikuta amefunga breki bila kutaka. Tukichagua sisi, tungechukua yenye breki ya mkono inayofanya kazi kweli.

Uzito nao utazame. Mtoto wa umri huu huwa na kilo 16 au 17, na baiskeli ya chuma ya kilo 10 kwake ni kama wewe kuendesha pikipiki ndogo kwa kukanyaga. Kati ya mbili zinazolingana, inyanyue kila moja, uchukue nyepesi. Fremu isiyo na bomba la juu, ambayo watu huiita ya kike, inamfaa mtoto yeyote wa kuanza, kwa sababu anatoka haraka inapoanguka. Kava la mnyororo liwepo, hasa kwa anayevaa sketi au gauni.

Matairi ya upepo ni bora kuliko yale magumu yasiyojazwa, ingawa mbigili za kiangazi zitakupeleka kwa fundi mara nyingi. Kabla hujalipa, muulize fundi wa mtaani kwako kama tyubu ya saizi hiyo anaipata. Baiskeli iliyolala ndani miezi miwili kwa kukosa tyubu ni hasara kuliko iliyokuwa ghali kidogo.

Na kama mtoto wako hakuwahi kuwa na kibaiskeli kisicho na pedeli, usiende kukinunua. Nunua hiyo ya pedeli inayomtosha, halafu mwambie fundi azitoe pedeli zote mbili kwa spana namba 15. Mtahadharishe, maana si kila fundi anakumbuka akiwa na haraka: uzi wa pedeli ya kushoto ni wa kinyume, na akiulazimisha atauharibu. Shusha siti, mwache mtoto ajisukume wiki kadhaa. Akianza kuteleza huku ameinua miguu, rudisha pedeli.

Siku ya kwanza yenye pedeli tafuteni uwanja mgumu, kama wa mpira wa shule siku ya Jumapili. Mchanga unashika tairi, na udongo mweusi wa mbugani baada ya mvua unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu ligome. Usimshikie usukani, mshike mabegani au chini ya makwapa, umwachie kidogo kidogo. Wengi waliotoka kwenye kibaiskeli huondoka siku hiyo hiyo, na hapo ndipo wazazi hupiga picha na kudhani kazi imekwisha. Chora mstari wa majivu uwanjani, mwambie aje asimamishe tairi la mbele juu ya mstari kwa breki, bila kuburuza miguu. Rudieni kila siku kama mchezo. Akiweza mara kumi mfululizo, na ukimwambia simama ghafla akavuta breki kabla ya kuteremsha miguu, pandisha siti sentimita mbili au tatu.

Kuhusu kofia, ya bodaboda ya mtu mzima ni nzito na inacheza kichwani mwa mtoto. Ile ngumu ya mgodini, ambayo nyumba nyingi za Geita zinayo, imetengenezwa kwa vitu vinavyodondoka kutoka juu. Mtoto akianguka itaruka kabla yake. Tafuta ya baiskeli inayokaza kidevuni.

Barabarani bado. Katoro maduka na nyumba vimeisogelea lami, na mtoto wa miaka mitano hawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Baiskeli na ifungiwe ndani mkubwa akiwa hayupo, na mpaka wake uwe ni geti au ua, hata kama jirani wa rika lake anaruhusiwa kwenda mbele zaidi.