UPOKEAJI WA TELEVISHENI YA KIDIJITALI MAJUMBANI
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wakaazi

Watumishi wa Serikali na wananchi wote, hasa wale wenye makaazi au jamaa katika vitongoji vya Dar es Salaam kama vile Mbagala, Chamazi, Kigamboni, Kimara, Goba na Bunju, wanaarifiwa kuwa maelezo haya yametayarishwa ili kuwasaidia kutambua sababu za kukosekana kwa picha katika televisheni zao kabla hawajaingia gharama ya fundi au ya kununua king'amuzi kipya. Hitilafu nyingi za aina hii ni ndogo, na mwenye nyumba anaweza kuzitambua kwa utaratibu bila ya kufungua chombo chochote.

Itakumbukwa kuwa Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994. Katika kipindi hicho wakaazi wa pwani ya Dar es Salaam waliokuwa na uwezo walisimamisha antena juu ya nguzo ndefu, wakazielekeza upande wa Unguja, na kuitazama TVZ kutoka ng'ambo ya bahari. Picha ilikuwa na chenga, na siku nyengine sauti ilifika vizuri kuliko sura, lakini ilitazamika. Mazoea hayo ndiyo yanayowapotosha wengi hadi leo. Mtambo wa analojia ulipofika ukiwa dhaifu, picha ilififia kidogo kidogo, na mtazamaji aliweza kuivumilia au kuigeuza antena mpaka ikakaa sawa. Matangazo ya kidijitali hayana hali hiyo ya katikati. Mawimbi yakiwa na nguvu ya kutosha picha huwa safi kabisa. Yakipungua kidogo chini ya kiwango kinachohitajika picha hukatika vipande vya mraba, huganda, kisha hutoweka. Hivyo basi, nyumba iliyokuwa ikipata picha nzuri jana inaweza kukosa kila kitu leo kwa sababu ya upungufu mdogo sana, na si lazima kuwa chombo kimeharibika.

Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Disemba 2012, na miji mengine ya Bara ikafuata kwa awamu katika mwaka 2013, kabla ya tarehe 17 Juni 2015 ambayo nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano katika kanda hii zilikubaliana katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2006. Tangu wakati huo televisheni ya zamani haiwezi kupokea matangazo hayo peke yake. Inahitaji king'amuzi, chombo ambacho katika nyaraka rasmi huitwa kisimbuzi. Televisheni hizo hazikupaswa kutupwa: yenye matundu matatu ya rangi ya njano, nyeupe na nyekundu bado inafanya kazi ikiunganishwa na king'amuzi, na waliozitupa walipata hasara isiyokuwa na ulazima.

Picha inapopotea, jambo la kwanza ni kuuliza nyumba ya jirani anayetumia huduma ile ile. Ikiwa naye amekosa, tatizo liko katika mtambo wa mrushaji au katika hali ya hewa, na hakuna la kufanya ila kusubiri. Ikiwa jirani anaona vizuri, uchunguzi uanze ndani ya nyumba. Itazamwe kama king'amuzi kinawaka. Kinachojizima na kujiwasha chenyewe mara kwa mara kwa kawaida kina adapta iliyodhoofika, na adapta ni kitu cha bei ndogo kuliko king'amuzi. Muhimu ni kuhakikisha kuwa adapta mpya ina volti zile zile zilizoandikwa nyuma ya king'amuzi na ampea zisizopungua. Umeme unapokatika, vyombo vyote vichomolewe na visirudishwe mpaka umeme utulie, kwa kuwa unaporudi mara nyingi huja kwa kupanda na kushuka. Aidha, vitambaa vya kudarizi ambavyo hufunikwa juu ya king'amuzi kwa ajili ya mapambo huziba matundu ya kutolea joto, na chombo kilichopata joto kupita kiasi huganda. Pambo hilo libaki juu ya meza.

Ikiwa king'amuzi kinawaka lakini kioo cha televisheni ni cheusi au cha buluu, yumkini televisheni imehamishwa kwenye mlango mwengine, jambo ambalo watoto hulifanya kwa kubonyeza rimoti. Irudishwe kwenye AV au HDMI kulingana na waya uliotumika. Ikiwa kioo kinaonesha maandishi, yasomwe yote. Maandishi yanayosema hakuna mawimbi na yale yanayosema chaneli hairuhusiwi ni mambo mawili tofauti kabisa. Kwa mfano, katika ving'amuzi vya DStv alama E48 huhusu kukosekana kwa mawimbi, ambapo alama E16 huhusu malipo au uandikishaji wa kadi. Mwenye E16 anayepanda juu ya paa kugeuza dishi anaweza kuipoteza hata ile njia iliyokuwa salama.

Mwezi Agosti 2018 ulitoa fundisho la aina hiyo. Chaneli za ndani zisizolipiwa ziliondolewa katika ving'amuzi vya setelaiti vya kulipia kutokana na masharti ya leseni, kwa maelekezo ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Chaneli iliyoondolewa na mrushaji hairudi kwa antena ya aina yoyote wala kwa fundi yeyote. Jambo hilo hilo linawahusu wenyeji wa Visiwani wanaoishi Temeke au Kinondoni na kutaka kuitazama ZBC: kwanza waulize kama chaneli hiyo imo katika orodha ya king'amuzi wanachotaka kununua, kwa kuwa nguzo ndefu ya zamani iliyoelekea Unguja haitawasaidia tena.

Kila king'amuzi kina ukurasa katika menyu unaoonesha vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Wengi hutazama nguvu peke yake, na hapo ndipo wanapokosea. Nguvu ni wingi wa kile kinachoingia, chema na kibaya. Ubora ni kiasi ambacho king'amuzi kinaweza kukifahamu. Nguvu ikiwa kubwa na ubora ukiwa sifuri, maana yake mara nyingi ni kuwa dishi limeelekea setelaiti nyengine, au kwa upande wa antena, busta inakuza kelele badala ya matangazo. Vipimo vyote viwili vikiwa sifuri, waya umekatika au umechomoka. Ubora ukipanda na kushuka, kuna kiungo kilicholegea au tawi la mti linalopeperuka mbele ya antena. Mwenye nyumba aviandike vipimo hivyo siku ambayo picha ni nzuri, ili apate cha kulinganisha siku ya tatizo.

Jambo moja linasisitizwa hapa. Wakati vipimo viko sifuri, isiamrishwe kazi ya kutafuta chaneli upya, wala kurejesha mipangilio ya kiwandani. King'amuzi kikitafuta wakati hakuna mawimbi, vyengine hufuta orodha yote iliyokuwamo, na tatizo moja huwa mawili. Kutafuta upya kuna faida pale tu ubora umerudi lakini baadhi ya chaneli hazionekani, kama vile baada ya mrushaji kubadilisha masafa.

Kwa wanaotumia antena ya ardhini, yafahamike mambo machache. Hakuna kitu kinachoitwa antena ya kidijitali, ijapokuwa madukani zinauzwa kwa jina hilo na kwa bei ya jina hilo. Antena haijui kama mawimbi ni ya analojia au ya kidijitali. Inachojua ni masafa. Matangazo ya kidijitali ya ardhini hutumia masafa ya UHF, ambayo mikono ya antena yake ni mifupi, takriban sentimita 20 hadi 30. Antena ya zamani yenye mikono inayokaribia mita moja ilikuwa ya VHF na haifai kwa kazi hii, ila nguzo yake inaweza kutumika. Njia rahisi ya kujua upande wa kuielekeza ni kutazama antena za majirani wanaopata picha nzuri, na kutazama vilevile kama mikono yake imelazwa au imesimamishwa. Nyumba zilizo mabondeni, kama zilivyo nyingi za Goba na Kimara, zinahitaji nguzo ndefu kuliko zilizo juu ya kilima mita 200 tu kutoka hapo. Antena ya ndani chini ya paa la bati hufanya kazi kwa bahati, kwa kuwa bati huyarudisha mawimbi.

Baadhi ya antena zina busta ndani yake inayohitaji umeme wa volti 5 kutoka katika king'amuzi. Umeme huo huwashwa katika menyu, na ukizimwa kwa bahati mbaya antena huwa kama haipo. Ikiwa king'amuzi kinaonesha onyo la shoti ya antena, kwa kawaida uzi mmoja wa wavu wa nje wa waya umegusa shaba ya katikati kwenye kichwa cha waya. Kichwa kikatwe na kufungwa upya. Aidha, busta yenye nguvu kubwa si msaada kila mahali. Masafa ya megahezi 700 na 800, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, yametengewa simu za mkononi, na nyumba iliyo karibu na mnara wa simu inaweza kuona picha ikirudi baada ya busta kuondolewa.

Waya nao huchukua sehemu yake. Waya mzuri wa ohmu 75 hupoteza takriban nusu ya nguvu ya mawimbi ya UHF kwa kila mita 15 hadi 20, na kigawanyo cha kupeleka televisheni mbili hupoteza nusu nyengine. Katika maeneo ya pwani, kama Kunduchi, Kigamboni na Unguja yenyewe, adui mkubwa ni chumvi. Kichwa cha waya kilichoota kutu ya kijani kinapaswa kukatwa, si kukwanguliwa, na kiungo kilicho nje kifungwe kwa utepe wa mpira. Waya uachwe ukining'inia kwa mpindo kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya.

Wenye madishi nao wana mambo yao. Katika mvua kubwa za masika picha hukatika kwa dakika kadhaa kwa sababu matone huyameza mawimbi, na dishi lisiguswe. Vivyo hivyo katika siku chache za mwezi Machi na Septemba, ambapo jua hupita nyuma ya setelaiti na kuifunika kwa dakika chache za mchana. Kwa Dar es Salaam, setelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, inayotumiwa na DStv, iko karibu na utosi, na kuta haziizuii kwa urahisi. Ile ya nyuzi 7 mashariki, inayotumiwa na Azam TV, iko upande wa magharibi, juu kidogo ya nusu ya anga, na mwembe au ghorofa mpya ya jirani upande huo inatosha kuikata. Kichwa cha dishi, ambacho mafundi hukiita LNB, kina kifuniko cha plastiki kinachopasuka kwa jua. Maji na nyigu huingia humo, na hapo dawa ni kukibadilisha.

Kazi ya juu ya paa haipaswi kufanywa na mtu mmoja, wala wakati wa mvua, radi au usiku. Katika mitaa ya Manzese, Tandika na Mbagala nyaya za umeme hupita karibu sana na mapaa, na nguzo ya chuma ya antena ikizigusa huua aliyeishika. Palipo na waya wa umeme ndani ya urefu wa nguzo itakayosimamishwa, nguzo hiyo isisimamishwe hapo, hata kama ndipo picha inapopatikana vizuri.

Mwenye kumwita fundi amtake aoneshe vipimo vya nguvu na ubora kabla na baada ya kazi, na kifaa kilichobadilishwa kiachwe mikononi mwa mwenye nyumba. Malalamiko juu ya huduma yapelekwe kwanza kwa mtoa huduma, na namba ya kumbukumbu ya lalamiko ihifadhiwe. Lisipotatuliwa, lifikishwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa walioko Bara. Kwa walioko Zanzibar, masuala ya utangazaji hupelekwa Tume ya Utangazaji Zanzibar.